Mstari wa Chokaa

Binti yangu huamka saa kumi alfajiri kuhesabu korongo.
Shule yao ndiyo yenye kazi hiyo tangu enzi za bibi yake:
kusimama kwenye matuta ya mpunga, daftari mkononi,
vidole vimekufa ganzi,
wageni wa Siberia wakiruka kwa makundi kukikucha.

Mimi huamka saa ile ile kutafuta matundu.

Ndivyo tulivyo hapa Izumi. Nyumba moja, tochi mbili:
yake inatazama juu, yangu inatambaa ukingoni mwa wavu
kutoka banda la kwanza hadi la sita,
kwa sababu shomoro hahitaji mlango,
na panya hahitaji hata tundu, nia tu yamtosha.

Jana nililipata moja. Banda la nne, nyuma ya feni,
upana wa kidole gumba.
Nilichuchumaa nikalitazama kama barua
yenye jina langu kwa mwandiko nisioujua.
Nani kapita? Lini? Kucha zake zilikanyaga wapi?
Ndani, kuku elfu saba walinong'ona
mnong'ono wao wa asubuhi, kama wali unaotokota.
Nikaziba kwa waya. Nikaziba tena juu ya waya.
Wahenga walinionya kuhusu ufa na ukuta;
kuhusu shimo hawakusema.

Uchizono, ng'ambo ya mto, alichimbiwa lake mwaka juzi.
Watu wa wilaya walikuja na mavazi meupe na mitungi ya gesi,
wakafanya kazi usiku na mchana,
wakamwinamia kwa heshima, wakaondoka.
Aliniambia kwa simu: kilichoniumiza si kelele.
Ni kesho yake, feni zikiendelea kupuliza hewa safi
kwenye vizimba vitupu.
Sikwenda kumpa pole. Naye hakunitarajia.
Urafiki wetu ulikaa ndani ya simu mpaka miplamu ikachanua.

Mlangoni pa kila banda pana mstari wa chokaa
na jozi mbili za mabuti:
ya kijani ya dunia, mekundu ya kuku.
Dunia haivuki.
Dereva wa chakula havuki; magurudumu yake huoga
kabla yeye hajanisalimu.
Mama mkwe na kachumbari yake ya figili, havuki.

Leo saa moja Chinami alirudi, mashavu yamewiva kwa baridi,
akapaza sauti toka barabarani,
"Baba! Elfu kumi na moja, mia tatu na nne!"
akaja mbio kunionyesha daftari,
nami nikampigia ukelele ambao sijawahi kumpigia mtoto.

Akaganda. Mguu mmoja hewani,
kama wao wanavyolala mashambani.
Tope la mpunga kwenye soli lilikuwa bado bichi.

Nikamwambia: soma hapo hapo ulipo.
Akasoma. Wenye shingo nyeupe wangapi, wa kijivu wangapi.
Na mmoja, alisema, hakuruka wenzake waliporuka.
Alibaki majini akizungusha kichwa
kama anayetafuta neno.
Mwalimu alipiga simu. Wote wakarudishwa nyuma.

"Ulisimama mbali?"
"Mbali, baba."
"Mbali kiasi gani?"
Akatazama viatu vyake.

Sasa viatu vimo kwenye ndoo ya dawa,
nguo zimo mashineni, na yeye yumo bafuni;
namsikia ukutani akihesabu tena, polepole.
Daktari wa mifugo atapiga simu kesho jioni.
Hadi hapo sivuki hata mimi, Tsuneo ndiye atakayelisha.
Nimekaa upande wa dunia, na mabuti ya kijani,
nasikiliza wali wangu ukitokota bila mimi.

Juu wanapita, wawili, kisha watatu,
mlio wao kama bawaba kavu.
Siwachukii. Nimejaribu.

Daftari lake nimelianika juani, kwa kijiti, bila kuligusa.
Upepo unafunua ukurasa wa leo.
Chini ya jumla, kwa penseli,
ameandika: na mmoja.